Mstari mmoja, siku nne: kwa nini marekebisho ya programu hupitiwa kwanza

Jumatatu moja asubuhi mteja wetu mwenye duka la vifaa vya ujenzi alitupigia simu. Tumwite Ng'ang'a, kwa sababu shida yake ilikuwa ndani ya jina lenyewe. Alikuwa amechapisha taarifa ya malipo ya miezi sita ili aombe mkopo, na kila mahali palipofaa kuwa na jina lake paliandikwa "Ng", basi. Ile alama ya juu, ambayo shuleni tulifundishwa kuiita ritifaa, ilikuwa imekata jina na kumeza kilichobaki. Afisa wa mikopo alimrudisha nyumbani. Karatasi ya mtu anayeitwa Ng haiombewi mkopo.

Mchana huohuo mafundi wetu walikuwa wamelipata kosa. Tukampigia na kumwambia ukweli: ni mstari mmoja tu wa programu. Hapo ndipo tulipojitia taabani, maana Alhamisi alituandikia hivi: "Mstari mmoja, siku nne. Kwani mnauchonga na patasi?"

Ana haki ya kuuliza, na si yeye peke yake. Wengi wenu hutuuliza kwa nini tukishasema "tumeona hitilafu" bado mnangoja. Somo la leo linajibu swali hilo. Tutaeleza jinsi badiliko la programu linavyopitiwa kabla ya kufika kwenye simu yako. Mfano mkubwa tutakaoutumia hautoki kwetu, unatoka kwenye chombo tunachotunzia kazi yetu, kinachoitwa Git. Git nayo ni programu, nayo hubadilishwa, na mwezi Mei 2024 ilitoa badiliko lililokusudiwa kuwalinda watu, likaishia kuwafungia nje watu wasio na kosa. Kumbukumbu zake ziko wazi kwa yeyote anayetaka kusoma. Sisi tumejifunza mengi humo.

Daftari la chama lisilofutika

Ukiwa kwenye chama, unajua daftari la mweka hazina. Kila mchango unaandikwa: nani, lini, kiasi gani. Mweka hazina mwema hafuti kwa wino mweupe. Akikosea, anaandika mstari mpya unaosahihisha ule wa zamani, na wote wawili wanabaki wakionekana.

Git ni daftari la namna hiyo, ila badala ya michango inaandika mabadiliko ya msimbo, yaani yale maandishi ambayo programu imetengenezwa nayo. (Kuna wanaoyaita kodi. Sisi tumeacha, tusije tukachanganywa na watu wa KRA.) Kila badiliko linaandikwa na jina la aliyelifanya, tarehe, na maelezo ya kwa nini. Kisha linapewa namba ya utambulisho inayokokotolewa kutokana na yaliyomo pamoja na namba ya badiliko lililotangulia. Ukigusa koma moja kwenye ukurasa wa mwaka jana, namba hiyo inabadilika, na zote zilizofuata zinabadilika pia, kwa hiyo ni vigumu kuchezea ya zamani kimyakimya.

Linus Torvalds, yule aliyeanzisha Linux, aliianza Git mwezi Aprili 2005, baada ya watu wa Linux kupoteza ruhusa ya kutumia bila malipo chombo walichokuwa wakitumia awali. Miezi michache baadaye, Julai 2005, alimkabidhi Junio Hamano kazi ya kuitunza. Tangu hapo mtu yeyote duniani anaweza kupendekeza badiliko, lakini haliingii mpaka lipitiwe.

Pendekezo lenyewe huitwa kiraka, na lina sura ambayo hata wewe unaweza kuisoma. Hiki hapa kiraka cha kwanza kilicholetwa kurekebisha jina la Ng'ang'a, tumekirahisisha kidogo:

– andika(jina)
+ andika(ondoa_ritifaa(jina))

Alama ya kutoa inamaanisha "mstari huu unaondoka", na ya kujumlisha inamaanisha "huu unaingia mahali pake". Kwisha. Fundi anasema: kama ritifaa ndiyo inayokata jina, tuiondoe kabla ya kuandika. Alikijaribu, jina halikukatika tena. Ilikuwa Jumatatu saa tisa alasiri na kila mtu alitaka kwenda nyumbani na ushindi.

Tuishikilie hapo, tutairudia. Sasa twende kwa Git.

Kiraka kinavyosafiri

Anayetaka kuibadilisha Git hutuma kiraka chake kwa baruapepe, maandishi matupu, mahali ambapo kila mtu anaweza kusoma. Juu ya mistari ya kutoa na kujumlisha anatakiwa aeleze kwa maneno: tatizo ni nini, kwa nini linahitaji kurekebishwa, na kwa nini amechagua njia hii badala ya nyingine. Chini anaweka jina lake kuthibitisha kwamba ana haki ya kutoa kazi hiyo. Pia anatakiwa alete majaribio, yaani programu ndogo zinazohakikisha kwamba badiliko linafanya linachosema na kwamba mtu mwingine asilivunje kesho.

Halafu watu wanaanza. Mmoja anauliza kwa nini mstari wa tatu uko hivyo. Mwingine anasema maelezo hayajaeleza chochote. Wa tatu anatoka nchi nyingine, anatumia aina nyingine ya kompyuta, anasema kwake hakifanyi kazi. Mwandishi anarudi na kiraka cha pili, cha tatu, wakati mwingine cha saba. Mgeni akisoma anaweza kudhani watu wanagombana. Hawagombani, wanauliza sasa ili wasije wakaulizwa baadaye na mamilioni.

Kikionekana kinaelekea pazuri, mtunzaji hukiweka kwenye tawi linaloitwa "seen", ambalo maana yake ni kwamba amekiona tu, hajakikubali. Kikikomaa kinahamia "next", ambako watengenezaji wenyewe hukitumia katika kazi zao za kila siku, kwa kawaida kama wiki moja. Hapo ndipo makosa yasiyoonekana kwa macho hujitokeza, kwa sababu kusoma kiatu si kama kukivaa. Kikipita humo kinaingia "master", na kutoka hapo ndipo toleo jipya la kila mtu hutengenezwa.

Kuna aina moja ya kiraka isiyopita njia hii ya wazi: kiraka cha usalama. Fikiria umegundua kwamba kufuli za aina fulani hufunguka na kijiko. Ukitangaza sokoni kwamba unatafuta maoni kuhusu namna ya kuzirekebisha, wezi watafika na vijiko kabla ya wenye nyumba kusikia. Kwa hiyo udhaifu wa usalama hushughulikiwa na watu wachache, kwa siri, na marekebisho hutolewa siku moja kwa wote. Hata sisi tunafanya hivyo na hatuoni njia nyingine. Ila tukumbuke gharama yake, ambayo ni macho machache. Yale macho ya mtu wa nchi nyingine mwenye kompyuta tofauti hayapo mezani.

Mei 2024

Tarehe 14 Mei 2024 lilitolewa toleo 2.45.1 la Git, pamoja na masahihisho ya matoleo ya nyuma, kuziba mashimo kadhaa ya usalama. Shimo zito kuliko yote lilikuwa hivi.

Git ina amri ya kunakili ghala zima la mradi kutoka kwa mtu mwingine hadi kwenye kompyuta yako. Wataalamu hufanya hivyo kila siku, kama wewe unavyopokea picha kwenye WhatsApp. Ghala hubeba faili za mradi, lakini ndani ya folda ya Git yenyewe kuna mahali maalum pa kuweka ndoano. Ndoano ni amri fupi inayojiendesha yenyewe tukio fulani likitokea, kwa mfano mara tu faili zinapomaliza kupangwa. Ni kitu muhimu na kinatumika sana. Sharti lake ni moja: ndoano zinawekwa na mwenye kompyuta, hazisafiri pamoja na ghala la mgeni. La sivyo, mtu usiyemjua angekuwa anaweka amri ndani ya mashine yako.

Shimo lililogunduliwa liliruhusu hilohilo. Kwenye kompyuta ambazo majina ya faili hayatofautishi herufi kubwa na ndogo, na Windows na Mac kwa kawaida ziko hivyo, mtu mwenye hila angeweza kutengeneza ghala lenye maghala madogo ndani yake pamoja na njia za mkato, akaichanganya Git mpaka iandike faili mahali pa ndoano. Na kwa kuwa ndoano hujiendesha faili zikishapangwa, amri ya mwizi ingetekelezwa kabla hata unakili haujakwisha. Hukubonyeza kitu. Hukuweka nenosiri. Ulinakili tu.

Marekebisho ya moja kwa moja yalikuwa kuizuia Git isidanganyike na njia za mkato wakati inapoandika maghala madogo. Shimo likazibwa. Waliofanya kazi hiyo wangeweza kuishia hapo.

Hawakuishia. Walijiuliza, kama mtu yeyote mwangalifu angejiuliza: je, kama kuna njia nyingine ya kuingiza ndoano ambayo bado hatujaijua? Basi wakaongeza mlango wa pili. Git ikiwa katikati ya kunakili na ikakuta ndoano iliyo hai ambayo haikuwepo tangu mwanzo, isimame, ikatae kuendelea, na itoe onyo.

Ukisoma sentensi hiyo peke yake utakubali. Sisi tulipoisoma mara ya kwanza tulikubali. Ni kama mlinzi wa ploti anayeambiwa: ukifunga geti saa nne, yeyote utakayemkuta ndani ambaye hakuwepo ulipofunga, mtoe. Nani atapinga?

Atapinga mwenye funguo za geti la nyuma, yule wa maziwa anayeingia kila siku kwa idhini ya mwenye ploti.

Kwa Git, wa maziwa alikuwa programu iitwayo Git LFS, ambayo watu huitumia kutunza faili kubwa kama video na picha nzito. Git LFS huitwa wakati wa kunakili ili ilete faili hizo, na ikishaitwa huweka ndoano zake, wakati huohuo, katikati ya unakili. Ndivyo ilivyokuwa ikifanya kwa miaka. Toleo jipya lilipofika, watu waliokuwa wakinakili maghala yao halali wakakutana na ujumbe wa kukataliwa: ndoano hai imepatikana wakati wa kunakili, na kwa sababu za usalama hairuhusiwi. Kazi zikasimama. Hawakuwa wameshambuliwa na yeyote. Walikuwa wamesakinisha toleo jipya, kama walivyoshauriwa.

Tazama pia ujumbe wenyewe, maana sisi tulijifunza hapo kuliko popote. Baada ya kukataa, ulimwambia mtu: kama umekusudia hivi, rudia amri ukiwa umeuzima ulinzi huu, na ukamwonyesha neno la kuandika ili uzimike. Sasa fikiria mtu aliyechelewa na kazi, bosi amesimama nyuma yake. Atafanya nini? Ataandika hilo neno. Kesho ataliweka liwe la kudumu ili asisumbuliwe tena. Mlango wa pili uliowekwa kwa ajili ya usalama umemfundisha kuzima usalama, na umemfundisha kwa maandishi yake mwenyewe. Siku onyo la kweli litakapokuja, mkono wake utakuwa umeshazoea.

Malalamiko yakafika. Mmoja wa wanaotunza Git LFS, ambaye pia amechangia Git yenyewe kwa miaka mingi, alileta pendekezo la kuondoa ile milango ya ziada. Mjadala ukafanyika, safari hii hadharani, mbele ya macho yote. Baada ya wiki mbili na kitu likatoka toleo 2.45.2 lililoirudisha Git ilivyokuwa upande huo. Maelezo ya toleo hayakuzunguka: yalisema kwamba ulinzi wa ziada ulikazwa kupita kiasi, ukavunja matumizi halali, na kwamba ijapokuwa nia ilikuwa njema unaondolewa.

Na shimo? Lilibaki limezibwa. Hilo liliwezekana kwa sababu ya desturi moja ya Git ambayo wageni huiona ni usumbufu: kila kiraka kifanye jambo moja tu. Uzibaji wa shimo ulikuwa kiraka kimoja na mlango wa ziada ulikuwa kingine, kila kimoja na maelezo yake. Kwa hiyo waliweza kung'oa kimoja na kukiacha kingine. Kama vingekuwa vimesongwa pamoja kama mboga kwenye gunia, wangelazimika kuchagua kati ya kuwaacha watu wamefungiwa nje na kulifungua tena shimo la mwizi.

Kukaa na kiraka mezani

Sasa hebu tufanye zoezi. Chukua kile kiraka cha mlango wa pili, jifanye wewe ndiye unayekipitia kabla hakijatoka. Ungeuliza nini?

Swali la kwanza ni jepesi: kinafanya kinachodai? Ndiyo. Majaribio yake yanaonyesha ndoano ya mwizi inazuiwa. Wapitiaji wengi, na hatujitoi, huishia hapa. Jaribio limepita, taa ni ya kijani, twende chai.

Swali la pili ni gumu: ni nani, leo, anafanya kitu hiki tunachokikataza, na anakifanya kwa nia nzuri? Swali hili halijibiwi kwa kuukodolea macho msimbo. Mistari ya kiraka inakuonyesha mwizi, kwa sababu mwandishi alimfikiria mwizi. Haikuonyeshi muuza maziwa. Git LFS ni mradi wake peke yake, nje ya Git, kwa hiyo majaribio ya Git yangeweza kupita yote bila kuugusa. Ili umwone muuza maziwa lazima uwe umewahi kununua maziwa, au umpigie simu mtu anayenunua.

Tunalichukua swali hili kwa uzito kwa sababu linatuhusu moja kwa moja. Tuseme mmoja wetu anapendekeza: matapeli hupenda usiku, basi malipo yote makubwa kati ya saa sita usiku na saa kumi na moja alfajiri yazuiliwe mpaka asubuhi. Majaribio yatapita. Tapeli atazuiwa kweli. Lakini nenda Marikiti saa kumi alfajiri uone nani analipa nani. Lori la viazi limefika, mwenye kibanda analipia magunia yake kabla hayajachukuliwa na mwingine, na akikosa hapo hana biashara siku hiyo. Kuna anayelipia ambulensi. Kuna dereva wa basi la usiku anayelipia tairi Mtito Andei. Hawa ndio watakaosimama getini huku tapeli akihamisha kazi yake saa mbili asubuhi.

Swali la tatu: huyu tuliyemsimamisha tunamwambia nini? Ujumbe wa kumkatalia mtu ni sehemu ya kiraka. Nasi huupitia neno kwa neno, na mara nyingi ndio unaochelewesha kuliko msimbo. "Hitilafu imetokea, jaribu tena" ni ujumbe mbaya kwa mtu ambaye pesa zake hajui ziko wapi, kwa sababu atajaribu tena kweli na huenda akalipa mara mbili. Na ujumbe wowote unaomzoeza mteja kubonyeza "Sawa" bila kusoma unamwandalia tapeli njia, maana tapeli naye anachotaka ni ubonyeze bila kusoma.

La nne: tukigundua tumekosea, tunaweza kukirudisha bila kuvunja kingine? Kama jibu ni hapana, kinarudi kwa mwandishi akigawe.

Na la tano, ambalo wengi hulisahau: mwandishi na mpitiaji ni watu wawili? Kwetu hakuna anayejipitishia kazi yake, awe mgeni wa wiki moja au mkuu wa mafundi. Si kwamba hatumwamini. Aliyeandika anasoma alichokusudia, hasomi kilichoandikwa. Ni kama unapotuma pesa na kuipita ile namba uliyoiandika mwenyewe mara tatu bila kuona kwamba 7 imekuwa 1. Ndiyo maana jina la mpokeaji huletwa mbele yako kabla ya PIN. Jina ni jicho la pili. Ukilisoma kwa kweli, umepitia kiraka chako.

Kurudi kwa Ng'ang'a

Jumatatu ile kiraka cha kuondoa ritifaa kilifika mezani saa kumi. Mpitiaji aliyekipokea alikuwa dada anayetoka Homa Bay, ambaye kwao majina ya ng' ni mengi kama samaki. Aliandika maoni ya mstari mmoja: "Kitambulisho chake kinasemaje?"

Hapo tukatulia. Kitambulisho chake kinasema Ng'ang'a. Taarifa yetu sasa ingesema Nganga. Afisa wa mikopo ambaye Ijumaa alikataa "Ng" angeweza Jumanne kukataa "Nganga", kwa sababu jina halilingani. Na si yeye tu. Mstari ule hutumika pia kuandika jina analoliona wakala mtu anapotoa pesa. Kwa hiyo Wang'ombe, Ong'ondo na Nyang'au wangekwenda kwa wakala wakiwa na vitambulisho halali na pesa zao wenyewe, wakaambiwa majina hayafanani. Kosa la karatasi lingekuwa kosa la mfukoni. Na tungekuwa tumelipeleka kwa watu ambao Jumatatu asubuhi hawakuwa na shida yoyote na sisi.

Kiraka kilikuwa kinafanya kinachodai. Jina halikukatika. Majaribio yalipita.

Jumanne mwandishi alirudi na kiraka kingine, ambacho hakikuigusa ritifaa, kikarekebisha pale programu ilipoifikiria kuwa ni alama ya kufunga maneno. Mpitiaji akakirudisha tena: simu za watu huandika ritifaa kwa namna mbili, iliyonyooka na iliyopinda, na kiraka kilijua moja tu. Jumatano kikaja cha tatu, na majaribio ya majina yenye ritifaa zote mbili, pamoja na majina yenye kistari na yenye nafasi katikati. Jumatano usiku kikawekwa kwenye mfumo wa majaribio tunaoutumia wenyewe. Alhamisi jioni kikafika kwenye simu zenu. Mstari uliobadilika mwishoni ulikuwa mmoja, kama tulivyomwambia Ng'ang'a. Majaribio yaliyoandikwa kando yake yalikuwa mistari arobaini na kitu.

Tulimpigia tukamweleza haya yote. Alisikiliza, akasema sawa, lakini siku nyingine tumwambie mapema kwamba mstari mmoja si kazi ya mchana mmoja. Ana haki. Tangu hapo, ukiripoti hitilafu, ujumbe wetu wa kwanza unakueleza kiraka kiko hatua gani: kinaandikwa, kinapitiwa, kinajaribiwa, au kimetoka.

Wewe pia ni mpitiaji

Git ilirekebishwa haraka kwa sababu waliofungiwa nje hawakusema tu "haifanyi kazi". Walileta maneno kamili ya ujumbe waliouona na namba ya toleo walilokuwa nalo, na wakaeleza walichokuwa wakifanya. Ukituandikia, tusaidie vivyo hivyo. Tuambie saa ilikuwa ngapi, ulibonyeza nini kabla ya hapo, na ujumbe ulisemaje neno kwa neno. Kama unaweza, upige picha ya skrini. Tuambie aina ya simu, na toleo la programu, ambalo utalipata ukifungua Mipangilio kisha Kuhusu. Kama ni malipo, weka namba ya muamala. PIN usiiandike popote, hata kwetu, na anayekuomba PIN akidai anarekebisha hitilafu si mtu wetu.

Programu ikikuomba ukubali toleo jipya, likubali kutoka kwenye duka rasmi la programu la simu yako, si kwa kiungo kilichotumwa kwa ujumbe. Na toleo jipya likikuvunjia kitu ulichokuwa ukifanya vizuri jana, usikae kimya ukidhani wewe ndiye uliyekosea. Huenda wewe ndiye muuza maziwa ambaye hatukumwona tulipokuwa tukifunga geti.

Kama jina lako lina ritifaa na bado linakatika mahali popote kwenye taarifa, risiti au skrini ya wakala, tuandikie lilivyo kwenye kitambulisho. Tunaziongeza kwenye yale majaribio arobaini na kitu, moja baada ya nyingine.